Minyaa Hamsini na Minne

Nørrebro,
Kopenhageni,
Denmaki.

20 Machi 1993

Mpendwa mpwa wangu Hyasinta,

Leo ni tarehe ishirini ya mwezi wa tatu, na imetimia miaka thelathini kamili tangu nilipopanda meli kwenye gati la Musoma. Nimehesabu mara mbili, kwanza kwa kalenda ya ukutani, kisha kwa vidole, kama mapadri walivyotuzoesha pale Nyegina kuhakiki jibu kabla ya kuinua mkono. Ni thelathini. Naomba uishike namba hiyo vizuri unapoendelea kusoma.

Je, hujambo wewe na watoto? Mapacha wamepona surua? Na mama yako, dada yangu Lukresia, anaendeleaje? Uliniandikia kwamba jicho lake la kushoto sasa linaona mwanga tu, si watu, na kwamba wewe anakutambua kwa mwendo. Mpe pole yangu. Mwambie hata mimi siku hizi nawajua watu kwa makoti yao kabla ya kuzijua sura zao.

Mimi ni mzima, isipokuwa kifua kinanisumbua hewa inapobadilika. Majira ya baridi yanakwisha. Asubuhi theluji iko juu ya mapaa, mchana imekuwa matone, jioni sijui tena ilikuwa wapi. Tangu mke wangu Kirsten afariki, miaka mitano sasa, huwa nakaa dirishani nikiitazama inavyoondoka, na mara nyingi chai inapoa mkononi.

Barua yako ya Januari ilinifikia Jumanne iliyopita. Nimeisoma mara nyingi hata nahisi nilikuwepo kwenye hicho kikao cha baraza la kijiji, nimekaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango. Nimemwona ndugu yangu Makongoro, mtoto wa baba yetu mkubwa, akisimama kudai kiwanja changu cha pale ufukweni. Umesema anataka kuwakodisha wanunuzi wa sangara, wajenge banda la kuwekea barafu ya samaki. Nilipofika kwenye neno barafu niliacha kusoma kwanza. Miaka thelathini nimeishi na barafu mbali na nyumbani, na sasa barafu inataka kuhamia kwenye shamba la baba yangu.

Nimemwona pia katibu Danford, huyo kijana mliyeletewa kutoka wilaya nyingine, akitoka nje na daftari kwenda kuhesabu minyaa. Simlaumu. Ameambiwa desturi ya kwetu, na desturi ni ya kweli: mtu akienda mbali, mwanamke wa nyumba hupanda mti mmoja wa mnyaa kwenye mpaka wa shamba lake kila mwaka, na shamba lenye minyaa ya kungoja haligawanywi wala halilimwi na mwingine mpaka mwenyewe arudi au ijulikane amekufa. Danford akahesabu minyaa hamsini na minne. Akarudi akasema, basi huyu Bernado ana miaka hamsini na minne hajaonekana.

Nilicheka peke yangu hapa niliposoma alichosema bibi Nyangi: "Hamsini na minne? Basi alituaga akiwa hajui kufunga kaptura. Mimi nilikuwaga namwona hapa ana ndevu, labda alikuwa mwanawe." Naye Danford akamjibu, "Bibi, hapa tunahesabu, hatuchekeshi." Na Makongoro, umesema, alinyamaza, akawa anajichokoa meno kwa kijiti.

Yeye ndiye nisiyemcheka. Alikuwepo siku niliyoondoka. Anajua.

Halafu mjumbe mmoja wa baraza akasema mtu wa miaka mingi hivyo ni marehemu, na akauliza barua zinazokuja zinaandikwa na nani. Na Danford akaandika kwamba kwenye ule mstari yapo mapengo matatu, dalili kwamba hata dada yake alimkatia tamaa akaacha kupanda. Ndipo wakakuzuia usipande mihogo yako humo, wakasema uamuzi utatoka baada ya Pasaka. Umeniuliza mambo mawili: kama niko hai kweli, na kama nitakuja kusimama mbele yao niseme.

La kwanza nimekwisha kulijibu. La pili nitalifikia. Lakini kwanza niache nikuambie habari ya kazi yangu, ambayo sikuwahi kukueleza vizuri, maana jibu la minyaa lilitokea huko.

Wewe unajua kwamba mimi ni seremala. Fundi Omari wa Musoma, aliyenifundisha kule nyuma ya soko, alikuwa akiniambia kila nikikosea kipimo kwamba mbao haisahau. Alikuwa akipasua gogo na kunionyesha pete zake: hii pana ni mwaka wa mvua nzuri, hii nyembamba mti ulikuwa na kiu. Nilidhani ni maneno ya kumtuliza mwanafunzi. Sikujua kwamba nitakuja kuzeeka nikiwa naunda masanduku ya kuhifadhia kitu kingine kisichosahau.

Kaskazini ya huku kuna nchi inayoitwa Grinlandi, na karibu yote imefunikwa na barafu. Katikati yake theluji ikianguka haiyeyuki. Ya mwaka huu inalala juu ya ile ya mwaka jana, na ya mwaka jana juu ya ile ya mwaka juzi, mpaka uzito unaifanya kuwa barafu ngumu kama jiwe. Wataalamu wa chuo ninachofanyia kazi, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, wametoboa huko kwa bomba lenye meno tangu juu mpaka kwenye mwamba wa chini. Wamemaliza mwaka jana. Ni kama gogo moja jembamba, unene wake mtu angeweza kulikumbatia kwa viganja viwili, na urefu wake unapita kilomita tatu. Wamelikata vipande, kila kipande kimeandikwa namba, na vipande vinakaa kwenye chumba chenye baridi ya nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Humo rafu na masanduku ni kazi ya mikono yangu. Nilistaafu mwaka juzi, lakini bado naitwa siku mbili kwa wiki.

Ukiingia mle, sauti yako inakuwa ndogo. Pumzi inatoka mdomoni kama moshi wa jiko la asubuhi. Nimekaa mle mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji, nimevaa makoti mawili, nikipita polepole kati ya rafu, na kila hatua ninayopiga inanirudisha nyuma miaka mingi. Hapa walikuwepo Wajerumani pale Musoma. Hapa hawajafika. Hapa hakuna Musoma. Mbele kidogo, mahali ninapoweza kufika kabla vidole havijafa ganzi, ni enzi ambazo sijui kama kuna mtu aliwahi kuliita ziwa letu kwa jina lolote.

Kuna mama mmoja mtaalamu, anaitwa Inge, ambaye hanioni mimi kama fundi wa masanduku tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma ile barafu. Nyingi ni maji matupu, kasema, lakini ndani yake mna vitu vidogo sana vilivyoshuka pamoja na theluji, na hivyo ndivyo maandishi. Mna chumvi iliyorushwa na dhoruba kutoka baharini. Mna vumbi la majangwa ya mbali. Miaka dunia ilipokuwa baridi na kavu, vumbi ni jingi hata barafu inaingia ukungu. Mna tindikali ya milima iliyowaka moto. Inge huburuta vyuma viwili vyenye umeme mdogo juu ya kipande, na kalamu ya mashine inachora mstari. Mstari unakwenda kimya, kimya, kimya, halafu unaruka. Hapo mlima uliwaka mahali. Aliwahi kunionyesha mruko wa mwaka 1783, mlima wa Aislandi, na nikawaza watu waliokuwa wakikohoa mwaka huo bila kujua kwamba kikohozi chao kinaandikwa.

Na maji yenyewe yana siri. Theluji ya wakati wa joto ina uzito wake na ya wakati wa baridi ina wake, tofauti ndogo mno ambayo mizani ya sokoni haiwezi kuikamata. Wao wana mashine ya kuikamata. Hivyo wanajua hali ya joto ya kila zama, na wanaweza kuhesabu miaka, kila mwaka joto lake na baridi yake.

Kuna tabaka moja nililiomba anionyeshe mwenyewe. Katika miaka ile mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu yao angani, na sumu ya mabomu hayo ilizunguka dunia nzima ikashuka na theluji. Kilele chake ni mwaka 1963. Watu wa barafu wakipotea katika kuhesabu, hulitafuta tabaka hilo kwanza, wakilipata wanajua wako wapi. Huo ndio mwaka niliowaaga. Inge alinitolea kipande akaniwekea mezani. Nilikitazama sana. Ni cheupe kama vingine, Hyasinta. Hakina doa. Nikamwambia sioni kitu. Akasema hakionekani kwa macho, ni mpaka upime.

Nilikwenda nyumbani siku ile kwa miguu badala ya basi. Njia nzima nilikuwa ninaliona ziwa la mwaka huo. Wewe hukuwa umezaliwa. Mvua zilikuwa zimenyesha tangu mwaka wa Uhuru bila adabu, na ziwa likawa linapanda ufukwe kama ng'ombe anayeingia shambani, hatua moja moja, akijifanya hakuoni. Babu yako alihamisha nyumba mara mbili. Asubuhi moja tuliamka tukakuta mtumbwi wake unaelea umefungwa kwenye nguzo ya jiko, na kuku wako juu ya paa wakiutazama. Maji yalikuwa yamelala kimya mlangoni, na ndani yake unaona mawe tuliyozoea kukalia. Kwa mbali kisiwa cha Rukuba kilionekana kimekuwa kidogo. Babu yako akakaa kizingitini, miguu majini, akasema: "Hili halitanifukuza. Mimi nimezaliwa naliona." Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kuondoka, na maji yalinipa kisingizio kizuri.

Sasa nirudi kwenye minyaa.

Jumatano, siku ya pili baada ya kupata barua yako, nilikuwa natengeneza mfuniko mle chumbani kwa Inge, naye akawa anamcheka mwanafunzi mmoja. Kijana huyo alipewa kipande ahesabu miaka. Akaleta namba ambayo ni maradufu ya namba ya kweli. Alihesabu kila mstari kuwa mwaka: joto mwaka, baridi mwaka mwingine. Inge akamwambia, kwa upole, kwamba kwa hesabu yake mama yake mzazi atakuwa na miaka mia moja.

Nikaweka nyundo chini.

Hyasinta, kule kwetu mvua ni mbili. Danford anatoka mahali ambapo mvua ni moja kwa mwaka, na majirani wengi hupanda mnyaa wa kungoja mara moja, masika. Mama yako hakufanya hivyo. Minyaa yake ya kwanza ilitoka kwa mama yetu, upande wa Butiama, na kule mama alimfundisha kwamba mnyaa unapandwa kila mvua inaposhuka, masika mmoja na vuli mmoja, kwa sababu anayengoja hawezi kukaa mwaka mzima bila kufanya kitu. Tangu masika ya 1963 hadi vuli iliyopita ni mvua sitini. Nusu ya sitini ni thelathini. Ile thelathini niliyokuomba uishike.

Utasema minyaa ni hamsini na minne, si sitini. Hapo ndipo mapengo yanapoingia. Kwenye barua yako uliniandikia, kwa utaratibu ulionifanya nijivunie, kwamba ulitembea mpaka wote kuanzia jiwe kubwa la juu ukishuka kuelekea ziwani, na kila mnyaa uko hatua moja ya mama yako kutoka kwa mwenzake. Ukasema pengo la kwanza ni la hatua tatu, la pili hatua mbili, na la mwisho, karibu na majani, hatua moja. Jumla ya nafasi tupu ni sita. Hamsini na minne na sita ni sitini.

Hakuacha kupanda. Mvua haikushuka. Yeye alipiga hatua yake kama kawaida, akaiacha tupu, akaendelea. Hesabu mwenyewe ukitaka: nafasi ya ishirini na mbili hadi ya ishirini na nne zinaangukia vuli ya mwaka 1973, masika ya 1974 na vuli yake. Nafasi ya arobaini na mbili na ya arobaini na tatu ni vuli ya 1983 na masika ya 1984, mwaka ule mlionililia mahindi ya njano hayashuki kooni. Ile moja ya chini ni vuli ya mwaka juzi, uliponiandikia kwamba mihogo imekauka ikiwa vidole.

Sikutaka kuyaamini haya kwa kuwa tu yananipendeza, kwa hiyo nilitoa sanduku la barua zake. Ninazo zote. Katika barua ya Desemba 1974, iliyoandikwa na katekista kwa maneno ya mama yako, nimekuta haya: "Kaka, hii ni ya tatu nimeruka. Sipandi mti wa kungoja kwenye vumbi, utakufa na watu watasema ni wewe." Nimeiweka barua hiyo humu ndani ya bahasha. Ni ya kwake, irudi kwake, lakini kwanza Danford aione, tarehe yake na muhuri wa posta. Mwambie kwa heshima kwamba hakukosea kuhesabu. Alikosa kujua anahesabu nini. Na umwambie pia, si kwa kumtania, kwamba pale mpakani mna kitu ambacho watu wa huku wanatoboa kilomita tatu kukitafuta. Bibi mmoja asiyejua kusoma ameandika mvua na ukame wa miaka thelathini kwa miti yenye utomvu mweupe, na wamekwenda wakaona uzembe.

Kama bado watauliza ni nani aandikaye, kuna tabaka moja ambalo Makongoro hawezi kulikataa. Wachimbe kiasi cha mkono mmoja chini ya mnyaa wa kwanza, ule wa jiwe la juu. Watakuta chuma cha randa kilichovunjika, chenye alama ya nyota aliyoichonga Fundi Omari. Nilikizika mwenyewe asubuhi ya safari, na huo mnyaa nilimshikia mama yako tukaupanda pamoja kabla mvua ya asubuhi ile haijaanza. Aliyekuwa ameshika panga ni Makongoro. Alinicheka, akasema, "Bernado, unazika chuma kama mganga." Nikamwambia ni ili hesabu iwe na mahali pa kuanzia. Tulikuwa watatu tu. Wote tuko hai. Wawili tunakumbuka, na wa tatu ndiye mama yako, ambaye hajawahi kusahau kitu.

Hapo ndipo nilipotaka kuimaliza barua, nikiwa nimeshinda. Lakini ni siku tatu sasa tangu nipate jibu la minyaa, na jibu limenigeukia.

Mle chumbani kila kipande cha barafu hupasuliwa kwa urefu. Sehemu inakwenda kwa wapima vumbi, sehemu kwa wapima tindikali, sehemu inayeyushwa. Lakini sehemu moja haiguswi. Inawekwa kwa ajili ya watu watakaokuja na mashine bora zaidi. Masanduku ya sehemu hiyo nimeyatengeneza kwa uangalifu kuliko mengine, na nilikuwa nikiyapitia nikijiambia kwamba kile kiwanja changu cha ufukweni kiko hivyo: kimewekwa, kinaningoja, hakuna anayekigusa. Nilikuwa nikilala vizuri kwa wazo hilo.

Ni wazo la uongo. Barafu hutunzwa kwa kutoguswa. Shamba likikaa miaka thelathini bila jembe ni pori, na umeniambia kwamba watoto wako wameonekana humo wakifukuza kenge. Wewe uliporudi kutoka Kibara baada ya kufiwa, ukiwa na watoto wanne, ulikaa kwenye chumba kimoja na mama yako huku ardhi nzuri iko mbele ya macho yenu imefungwa kwa minyaa, imefungwa kwa ajili yangu. Na nani aliyewafunga? Mimi, kila mwaka, kwa neno moja. Mwakani. Nimeyapitia majibu yangu pia. Nilikuwa naweka nakala, tabia ya fundi. Mwaka 1966 niliandika mwakani. Mwaka 1974, mwaka wa ile barua ya vumbi, niliandika mwakani. Miaka ya foleni, mlipokosa hata sabuni, niliwatumia nguo na sabuni na lile neno. Hata mwaka jana, nilipokwisha kujua kabisa.

Makongoro alinibebea sanduku la vifaa mpaka gatini siku ile. Meli ilipopiga honi alinishika mkono akaniambia: "Ukiona hurudi, sema. Usituweke." Hilo ndilo analodai sasa, nadhani, chini ya maneno ya sangara. Hakusema uongo barazani. Alinyamaza tu, kama nilivyonyamaza mimi, na kunyamaza kwake ni kwa siku moja.

Nimejiuliza kwa haki kwa nini. Kaburi la Kirsten liko dakika kumi kutoka hapa na hakuna mwingine wa kulipalilia. Daktari hapendi kifua changu kisafiri. Hizo ni sababu, lakini si sababu. Ukweli ni kwamba mahali ninapopaota pana maji mlangoni na mtumbwi umefungwa kwenye nguzo ya jiko, na babu yako amekaa miguu majini. Ziwa lilikwisha kushuka. Ningekuja, ningesimama mahali pakavu nikapatafuta, na ninyi mngenitazama mkidhani natafuta kiwanja.

Mara moja, miaka ya nyuma, Inge alinipa kipande kidogo cha taka, cha kutupwa, cha barafu iliyotobolewa kabla ya hii, nikaenda nacho nyumbani kwenye chupa ya chai, nikakitia kwenye glasi ya maji. Kinapoyeyuka kinalia, tiki, tiki, kama mahindi yanapoanza kupasuka kwenye chungu. Ni hewa iliyofungiwa mle tangu theluji ilipoanguka, inatoka. Kirsten alikuwa hai bado. Tuliinama wote wawili tukaweka masikio. Hewa ya watu tusiowajua ikatoka ikaingia jikoni kwetu, na dakika chache baadaye ilikuwa hewa tu, tukawa tunaivuta. Siku hiyo sikujua kwa nini nilifurahi. Leo najua. Kilichohifadhiwa mwisho wake ni kuachiliwa.

Kwa hiyo, Hyasinta, kiwanja ni chako. Si cha kungojea nani, si cha kunishikia. Nimeandika karatasi ya pili kwa baraza, nimeitia sahihi mbele ya mwanasheria wa hapa na ina muhuri. Ipeleke pamoja na hii kabla ya Pasaka, na ndiyo maana nazituma kwa rejista ya haraka. Limeni mara mvua ikitulia. Upande wa chini, kati ya mnyaa wa mwisho na maji, mwachie mjomba wako Makongoro njia ya kuvutia mitumbwi yake, asizunguke mawe kwa uzee ule. Akikataa, mpe hivyo hivyo. Minyaa usiing'oe. Acha mapengo kama yalivyo, uwaonyeshe mapacha wakijua kuhesabu.

Nisalimie bibi Nyangi, mwambie kaptura naweza kuifunga, siku hizi ni viatu vinanishinda. Msalimie mwalimu Renatus anayekupelekea barua zako Musoma, na wajukuu wa Fundi Omari pale nyuma ya soko, na ukienda Bunda mnadani uwasalimie jamaa za marehemu mume wako. Makongoro msalimie kwa jina, mbele ya watu. Mungu awape mvua mbili kila mwaka, na akiwanyima moja, awape moyo wa kuiruka hatua na kuendelea.

Mama yako msomee barua hii yote, polepole, ukiwa umeshika mkono wake. Mwambie kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi na yangu ndiyo iliyokuwa mbovu. Masika haya asipande mnyaa. Sitarudi.

Ni mimi, mjomba wako nikupendaye,

Bernado